Mpiga Picha Aliyekataa Kumtazama Mama

"Na Venant naye atakuja," alisema Ma Bernadetta, akaendelea kumenya ndizi kana kwamba ametaja bei ya chumvi.

Kokugonza aliacha kumenya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, kisu mkononi, ganda la ndizi likining'inia, na asubuhi yote ile ya Jumamosi ilikuwa nzuri mpaka jina hilo lilipoingia uani.

"Venant yupi, mama?"

"Wako Venant wangapi? Mtoto wa Ta Kahigwa, yule aliyeko Dar. Baba yako ameshamwalika. Atakula Krismasi na sisi hapa Mwanza, na wazazi wake wakipata nafasi watakuja kumsalimu baba yako." Akainua macho. "Ukinitazama hivyo utajikata kidole."

Watu wazima wanajua maana ya wazazi wa kijana kuja "kumsalimu" baba wa msichana. Salamu za namna hiyo huja na pombe na wazee waliovaa makoti, na zikishapokewa, kuzirudisha ni ugomvi wa ukoo na ukoo. Koku alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mzima mwenye mshahara wake na chumba chake na sebule yake hapo Kitangiri, lakini mbele ya mama yake bado alikuwa mtoto aliyevunja mtungi.

Habari yenyewe ilianza vizuri. Mzee Rwehumbiza, baba yake Koku, mtumishi wa serikali kule Dodoma, tangu aajiriwe hakuwahi kupumzika. Kila likizo alikwenda Bukoba kijijini, na kila likizo iliishia kwenye kesi ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba, na ndugu zake. Mwaka huu akasema basi! Anataka likizo ya kula upepo, yeye na watoto na wajukuu wote, katika mji wenye maji. Wakachagua Mwanza kwa sababu Koku yupo. Ma Bernadetta, ambaye hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, akapanda treni peke yake mwezi wa kumi aje ajionee nyumba ya kupanga, samaki, na mahali wajukuu watakapooga. Alipopiga simu kutoka posta ya Dodoma alimwambia Koku jambo moja tu: "Nitafutie mwenyeji wa kutushauri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji mjinga atatuua kwa njaa."

Na Koku alikuwa na mwenyeji wake. Tena alikuwa naye moyoni.

Aliitwa Mayala, mwenye studio ya picha karibu na Makoroboi. Alizaliwa Misungwi, akasoma Mwanza, akaijua kila kona ya mji huu kwa kuwa hakuna arusi, ubatizo wala kipaimara asichokipiga picha. Walikutana siku Koku alipokwenda kupiga picha za pasipoti. "Usicheke, mwalimu," Mayala alimwambia. Koku akacheka. "Mwalimu, usicheke." Akacheka tena. Filamu ilikwenda bure pale, na Mayala hakuonekana kujali. Tangu siku ile wakawa wanatembea pamoja jioni kando ya ziwa, wanazungumza mpaka mbu wanawafukuza. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetazama kwa kazi. Akikutazama unahisi umeonekana mpaka kwenye ini. Lakini neno lenyewe, lile neno moja ambalo msichana hulisubiri, Mayala hakuwahi kulitamka. Koku alingoja, akangoja, akachoka, akangoja tena.

Ndiyo maana alimwomba aje leo amshauri mama juu ya likizo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mama amwone Mayala, ampende, amsahau Venant. Na kama mama akimpenda, labda Mayala naye ulimi utafunguka.

Jamani, hesabu za moyo!

Alikuja saa nne, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Koku alipomwona getini aliweka kisu chini, akatabasamu. Lakini Mayala hakuingia. Alisimama chini ya ngazi za baraza, akainamisha kichwa, akasema akiitazama ardhi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Ma Bernadetta akainuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akamnyooshea mkono.

Mayala akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

Mkono wa mama ukabaki hewani. Koku alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, na ndizi, na kigoda.

"Karibu ukae, Mayala," akasema haraka. "Kiti hiki hapa."

"Nitakaa hapa hapa," Mayala akajibu, akajikunja kwenye ngazi ya chini kabisa, mgongo kwa baraza, uso kwa barabara. "Koku, mwambie mama pole na safari."

Ma Bernadetta akamtazama binti yake. "Ananiambia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona anakuambia wewe? Mimi ni kiziwi?"

Ma Bernadetta akakaa, akavuta pumzi, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa adabu akaamua kujaribu tena. "Kijana, tunatafuta nyumba ya kupanga. Tutakuwa watu wengi. Wametuambia kuna moja kule Kirumba."

"Koku, mwambie mama wasipange karibu na mwalo wa Kirumba," Mayala akaiambia barabara. "Dagaa wakianikwa pale, nguo zote zitarudi Dodoma zinanuka. Wapange Capri Point. Kuna nyumba ya mtu mmoja, iko juu ya mawe, upepo unaingia kila dirisha. Nimeshazungumza naye."

Ushauri ulikuwa mzuri, hilo hata mama hakuweza kulikana. Lakini kila swali alilouliza jibu lilipita kwa Koku, kama mahakamani kwenye mkalimani. Mwambie mama hivi. Mwambie mama vile. Mwisho Ma Bernadetta akajaribu njia ya tumbo. Alikuwa amepika ndizi kwa sato, kwa mkono wake, chakula ambacho wanaume wa kwao walikuwa wakikila mpaka sahani inang'aa.

"Mwambie mama nashukuru. Nimeshiba," alisema Mayala, na wakati huohuo tumbo lake likanguruma hadharani.

Ma Bernadetta akaweka sahani chini polepole. "Basi. Chakula changu hali, mkono wangu hashiki. Lakini nasikia wewe ni mpiga picha, na naona hapo umekuja na kamera. Nipige picha moja nimpelekee mzee wangu, aone nimefika salama."

Mayala akasimama. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Aliikumbatia kamera yake kifuani, akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo, "Koku, mwambie mama... hilo siwezi."

"Huwezi?" Koku akaruka. "Mayala, unapiga picha mji mzima!"

"Siwezi kumtazama mama. Samahani. Nitawangoja Capri Point mwone nyumba." Akaondoka upesi upesi, karibu akimbie.

Huko Capri Point ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Njia ya kwenda kwenye ile nyumba ni nyembamba, imebanwa na mawe makubwa kila upande. Koku na mama yake walikuwa wanapanda, na Mayala, aliyekuwa ametangulia kuchukua ufunguo, akawa anashuka. Walipokutana uso kwa uso hapakuwa na pa kupishana. Mayala alimwona Ma Bernadetta, akageuka kulia, jiwe; akageuka kushoto, kichaka. Akaruka kichakani. Miiba, vumbi, pimbi wawili wakatoka mbio wakipiga kelele, na shati jeupe likapasuka mgongoni.

Ma Bernadetta alisimama akimtazama mtu mzima aliyejificha kwenye miiba ili asimpite.

"Turudi nyumbani," akasema.

Hawakuiona nyumba. Walipofika Kitangiri ndipo mama alipofungua kinywa.

"Nina miaka yangu, Koku. Nimedharauliwa na wifi, nimedharauliwa na makarani. Lakini sijawahi kuona kijana anayeona heri miiba kuliko mimi! Tumemkosea nini? Au Wahaya tunanuka?"

"Mama, siyo hivyo. Mayala ana heshima, siku zote..."

"Heshima? Heshima ya kumkimbia mtu kama mwenye ukoma? Sikia. Likizo ya Mwanza imekufa. Nitamwambia baba yako twende Tanga, na Venant atakuja hukohuko Tanga, na wewe utakuja, na utamwandalia chai. Na huyu mpiga picha nisisikie jina lake tena." Kisha akamtazama binti yake kwa makini, na sauti ikashuka. "Au kuna jambo hujaniambia?"

Koku alitaka kusema. Alitaka kusema, mama, nampenda huyu mtu hata usingizi sipati. Lakini angemtetea vipi? Hata yeye mwenyewe alikuwa amechomwa. Akachukua mtandio wake akatoka, machozi yanamlengalenga.

Mayala alikuwa studioni, ameketi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, anachomoa miiba mkononi. Alipomwona Koku akasimama.

"Kaa!" Koku alimwambia kwa sauti ya darasani, na Mayala akakaa. "Nilikuomba jambo moja. Moja tu, Mayala! Uje umsaidie mama yangu. Umemnyima mkono, umekataa chakula chake, umekataa hata kumpiga picha. Watoto wenye makamasi unawapiga, walevi unawapiga, mama yangu huwezi kumtazama?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Koku, umekaa Mwanza miaka yote hii, hujui?"

"Nisichokijua nini? Mimi nafundisha, sijui mizungu! Unajua umefanya nini? Mama ameifuta likizo. Wanakwenda Tanga. Na kuna mtu anaitwa Venant..." Sauti ikamkatika. "Kuna mtu ataletwa Krismasi, Mayala. Na wazazi wake. Unaelewa?"

Uso wa Mayala ulibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama sawasawa, na Koku akaona ndani ya macho yale hofu ambayo hakuwahi kuiona.

"Nilimpa mama yako heshima ambayo sijampa mtu yeyote katika mji huu," alisema polepole. "Dunia nzima naitazama kwa kamera yangu. Mtu mmoja tu ndiye nisiyeruhusiwa kumtazama usoni."

"Nani huyo? Na kwa nini awe mama yangu?"

Mayala akatikisa kichwa. "Hilo halisemwi na mwenyewe. Husemwa na mjomba. Nenda kamwulize mwenye nyumba wako, yule ni mama wa Kisukuma. Nenda sasa hivi, Koku, tafadhali."

"Mjomba, mjomba! Wewe huna mdomo?" Koku akatoka na hasira zake, akaubamiza mlango mpaka picha za maharusi zikatikisika ukutani. Njiani alilia bila kujificha. Alilia kwa sababu alikuwa na hasira, na kwa sababu hata katika hasira ile alitamani kurudi amsaidie kuchomoa miiba.

Alipoingia uani alisikia kicheko. Mama Masalu, mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye roho nyeupe, alikuwa ameketi kwenye mkeka jikoni, ameshika ubavu, anacheka mpaka machozi. Mbele yake Ma Bernadetta amesimama na mwiko, uso umekunjamana.

"Mama Masalu, nakueleza nilivyodhalilishwa, wewe unacheka?"

"Nisamehe, dada yangu, nisamehe. Hebu rudia. Alificha mikono?"

"Nyuma ya mgongo."

"Akaongea kwa kupitia binti?"

"Kama mimi sipo!"

"Na njiani akaruka kichakani!" Mama Masalu akapiga makofi. "Yoo! Mwana wa watu amelelewa! Siku hizi vijana wa mjini hawajui hayo, wanakaa na wakwe zao meza moja wanagombea paja la kuku. Dada, kwetu Usukumani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Ni heshima hiyo, na ni kubwa kupita zote."

Ma Bernadetta akashusha mwiko. "Mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Nani mama mkwe?"

"Wewe hapo!"

Koku alikuwa amesimama mlangoni. Damu yote ilimpanda usoni. Ile mikono nyuma ya mgongo, ile njaa, ile miiba, vyote vikageuka sura mbele yake mara moja. Mayala hakuwa amekaa kimya. Asubuhi nzima alikuwa anamtangaza mbele ya mama yake, naye mwalimu mzima hakusikia hata herufi.

"Hata barua ya posa haijaja," Ma Bernadetta akasema kwa mshangao.

"Ndipo ujue ameshakata shauri moyoni. Sikiliza nikwambie, dada. Angekutazama usoni, akakushika mkono, akala ndizi zako na kuomba za kuongeza, hapo ndipo ungeogopa. Huyo angekuwa anamchezea binti yako." Mama Masalu akajizoa mkekani, akamwona Koku, akamkonyeza, akaenda zake huku bado anacheka.

Ma Bernadetta akakoroga sufuria ambalo halikuhitaji kukorogwa.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Sikujua, mama. Naapa. Hajawahi hata kuniambia ananipenda."

"Na wewe?"

Koku akainama kuokota ganda la ndizi, na mama ambaye amezaa na kulea hahitaji jibu la namna hiyo.

"Waitu!" Ma Bernadetta akapumua. "Msukuma. Na baba yako ameshakubaliana na Kahigwa. Wataniambia nimekuja kutafuta nyumba nikarudi na mkwe." Akakoroga tena. "Hata kwetu yalikuwepo haya, unajua? Baba yako, tangu siku aliponioa mpaka mama yangu alipokufa, hakuwahi kukanyaga jiko lake. Mama alikuwa akimsikia anakohoa mlangoni, anajifunika kanga na kuingia ndani. Mimi nikiwa msichana nilikuwa nacheka. Leo nimefanyiwa mwenyewe nikadhani ni matusi. Usilolijua ni usiku wa giza."

"Mama..."

"Ngoja. Venant alipokuja Dodoma mwezi wa saba, unajua alifanyaje? Alinipigapiga begani. 'Mambo, mama!' Halafu akaingia jikoni kwangu akafunua sufuria, akanusa." Akalifunika lile sufuria la mbele yake kwa kishindo. "Nilijiambia, ndio usasa. Lakini liliniuma, Koku. Liliniuma mpaka leo."

Koku akataka kumkumbatia, mama akamzuia kwa mwiko.

"Sijasema ndiyo! Usinirukie. Kesho tukitoka kanisani mwite. Akija mbele yangu akasema neno la mtu mzima, baba yako niachie mimi, miaka yote hii namjua pa kumshika. Lakini akiumauma maneno, Venant atakula Krismasi na sisi, na wewe ndiye utakayempikia. Binti yangu simtoi kwa mtu aliyemeza ulimi."

Usiku ule Koku hakulala. Alimjua Mayala. Angeona heri kuruka kwenye miiba mara mia kuliko kulisema lile neno mara moja.

Jumapili Mayala alikuja na shati jingine, plasta mbili mkononi. Safari hii alikuta kiti chake kimewekwa barazani na mlango wa jikoni umerudishwa nusu. Ma Bernadetta alikuwa ndani, haonekani, anasikika tu. Koku akasimama ukumbini katikati yao.

Mayala aliutazama ule mlango uliorudishwa. Akaelewa. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia, na akatabasamu tabasamu ambalo Koku angelipokea badala ya mshahara wa mwaka.

"Muulize," sauti ya mama ikatoka jikoni, "wajukuu wangu wataoga wapi? Nasikia ziwa hili lina kichocho."

Koku akageuka. "Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama wasioge kwenye matete, maji yaliyosimama ndiyo yenye kichocho. Nitawaonyesha mahali penye mawe na mawimbi. Na mamba hawafiki hapo."

"Anasema..."

"Nimesikia. Muulize, Krismasi si mvua?"

"Mwambie mama mvua huku hupenda mchana. Asubuhi ziwa limelala. Wapande kivuko cha Kamanga asubuhi wavuke upande wa Sengerema, watembee, warudi kabla ya mawingu. Siku nyingine wapelekwe kisiwani Saanane wakaone wanyama. Na samaki wasinunue sokoni jua likishawaka, nitawaletea sato wa alfajiri mwenyewe."

"Mh," sauti ikatoka jikoni. "Na ile nyumba ya juu ya mawe. Muulize vyumba vinatosha?"

"Vinatosha watu wote wa mama." Mayala akameza mate. "Ila akiongezeka mtu mmoja, patabana."

Kifuniko cha sufuria kikagonga.

"Muulize ni mtu gani huyo anayembana yeye kwenye nyumba ambayo hatalala."

Koku karibu acheke, karibu alie. Mayala akasimama. Akakunja vidole vyake, akavikunjua.

"Mwambie mama kwamba mjomba wangu, mzee Shigela, yuko Misungwi. Nimempelekea habari jana ileile. Atakuja na wazee kumwona baba, na..."

"Mjomba tutampikia akija," mama akamkatiza. "Sijamwita mjomba leo. Mwambie aseme lake."

Hapo Koku akamwona akikwama. Midomo yake ilitikisika na sauti haikutoka. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwaamuru maharusi wasogee, wakuu wa wilaya wainue kidevu. Tafadhali, Koku alimwomba kimoyomoyo. Tafadhali, Mayala, sema. Sema chochote. Alimwona Venant mezani, aliwaona wale wazee wa makoti, aliona maisha yake yote yakifunuliwa kama sufuria la mtu mwingine.

Mayala akainua macho. Hakuutazama mlango. Alimtazama Koku, yale macho yake ya kuona mpaka ini.

"Mwambie mama yako," akasema, na sauti ikamtoka kavu, "kwamba nakupenda."

Ukumbi ukazunguka. Koku alifungua mdomo, na yeye sasa ndiye aliyekosa sauti.

"Ujumbe umeubeba au umeumeza?" mama akauliza.

"Mama, si umesikia?"

"Nitasikiaje? Mimi siongei naye. Lete kilichosemwa."

"Anasema..." Koku akashika ukuta. "Anasema ananipenda."

"Nani anapendwa?"

"Mimi, mama! Mayala anasema ananipenda mimi!" Na alipolisema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti, mchana kweupe, ndipo alipoliamini. Machozi yakamtoka akiwa anacheka.

Kisha sauti ya mama ikaja, na haikuwa ya ukali tena. Ilikuwa na unyevunyevu ndani yake. "Haya. Hilo ni neno la mtu mzima. Kesho nitakwenda posta nimpigie simu baba yako, na Ta Kahigwa tutamwomba radhi kama watu wazima. Tanga basi. Sasa nimepokea la huyo kijana, lakini nyumba hii ina watu wawili wanaojikausha. La kwako liko wapi?"

"Nampenda, mama," Koku akasema. "Nampenda sana."

"Sasa hilo unaniletea mimi la nini? Mimi ndiye ninayeolewa? Mpelekee mwenyewe, ndizi zangu zinaungua."

Kokugonza akageuka. Ukumbi ule mdogo hakuwahi kuuona mrefu namna ile. Mayala alikuwa amesimama mwishoni mwake, upande wa baraza, hajui mikono yake aiweke wapi, amefumba macho kidogo kama mtu anayengoja sindano.

"Nimetumwa," Koku akamwambia. "Nami nakupenda."

"Hatusikii huku!" mama akapaza sauti kutoka jikoni.

Basi akalisema tena kwa nguvu.